Namba 123,456,789: mwongozo kamili wa kuichambua namba kubwa kwa kalamu na karatasi

Mtu akitaka kujua kama kibodi mpya inafanya kazi, vidole vyake huenda wapi? 1, 2, 3, 4, 5, 6, 7, 8, 9. Namba hiyohiyo imefanywa nywila na watu wengi kiasi kwamba ni miongoni mwa za kwanza ambazo mwizi huzijaribu. Lakini muulize aliyeichapa mara mia: je, ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe? Ina vigawo vingapi? Atakutazama tu.

Hapa tutaifungua yote. Utahitaji kalamu, karatasi na, ukipenda, kile kikokotoo cha bei rahisi cha tarakimu 8. Nimeichagua namba hii kwa sababu kwa nje ni kama mchezo wa watoto, ila katikati yake kuna fundo ambalo kwa njia tuliyofundishwa shuleni lingekulaza macho. Kuna njia nyingine, ya zamani sana, inayolifungua kwa jaribio moja au mawili.

Neno moja kabla ya kuanza. Wengi wakipewa namba kubwa na kuulizwa ni ya aina gani, huanza kupapasa aina moja baada ya nyingine: je, ni mraba? Je, ni kamilifu? Je, ni hivi au vile? Huko ni kuanzia mwisho. Tafuta kwanza vigawo vyake tasa. Ukishavipata, karibu kila swali lingine linajibiwa kwa mstari mmoja.

Itamke kwanza

Milioni mia moja ishirini na tatu, laki nne elfu hamsini na sita, mia saba themanini na tisa.

Sisemi hivi kwa kukudharau. Kiswahili chetu kina mtego katika kutaja maelfu: mtu akisema "elfu ishirini na tano", amekusudia 25,000 au 20,005? Ndiyo maana wanaoandika kiasi cha fedha kwa maneno hupenda "ishirini na tano elfu". Neno laki, yaani 100,000, linasaidia sana hapa, na wafanyabiashara hawakuliachia bure. Ukiandika namba kubwa, itenge kwa mkato kila tarakimu tatu kutoka kulia. Makundi hayo matatu, 123 na 456 na 789, tutayatumia kama zana hivi karibuni.

Hatua ya kwanza: majaribio ya haraka

Tazama tarakimu ya mwisho. Ni 9, kwa hiyo namba ni witiri, haigawanyiki kwa 2, na kwa kuwa haiishii kwa 0 wala 5, haigawanyiki kwa 5. (Witiri na shufwa ni maneno tuliyopewa na Kiarabu, anayeswali witri baada ya isha anajua tayari kwamba rakaa zake hazigawanyiki kwa mbili.)

Sasa jumlisha tarakimu: 1+2+3+4+5+6+7+8+9 = 45. Kwa kuwa 45 inagawanyika kwa 9, namba nzima inagawanyika kwa 9. Wengi wanaijua kanuni hii bila kujua sababu yake, na sababu ni nyepesi. Chukua noti ya elfu kumi uigawe kwa watu tisa: kila mmoja anapata 1,111 na inabaki 1. Chukua elfu moja: 111 kila mmoja, inabaki 1. Mia: 11, inabaki 1. Kila namba ya namna ya 10, 100, 1,000 inabakiza 1 ikigawanywa kwa 9. Kwa hiyo tarakimu 4 iliyoko kwenye nafasi ya laki inabakiza 4, na 7 iliyoko kwenye mia inabakiza 7. Mabaki yote ukiyakusanya ndiyo hiyo jumla ya tarakimu.

Simama hapo kidogo, maana tumepata zaidi ya tulichotafuta. Jumla ya 45 haijali mpangilio. Tarakimu 1 hadi 9 zinaweza kupangwa kwa namna 362,880, kila moja ikitumika mara moja, na namba zote hizo 362,880 zinagawanyika kwa 9. Hakuna hata moja iliyo tasa. Kwa mstari mmoja wa kujumlisha tumezijibia zote.

Jaribio la pili ndilo ninalolipenda, kwa sababu linapima namba tasa tatu kwa mkupuo. Chukua yale makundi ya tarakimu tatu, anza kulia, toa halafu jumlisha kwa kupokezana:

789 − 456 + 123 = 456

Namba hii ndogo, 456, inabakiza sawasawa na namba kubwa ukigawanya kwa 7, kwa 11 au kwa 13. Siri yake ni kwamba 7 × 11 × 13 = 1,001. Sasa 455 ni 5 × 7 × 13, kwa hiyo 456 inabakiza 1 kwa 7 na 1 kwa 13. Kwa 11 inabakiza 5. Zote tatu zimekataa.

Ukiyajumlisha makundi badala ya kutoa, 123 + 456 + 789 = 1,368, unapima 27 na 37, kwa kuwa 27 × 37 = 999. Kwa 37 inabaki 36. Kwa 27 inabaki 18. Hili la 27 liweke akiba: namba yetu inagawanyika kwa 9 lakini haigawanyiki kwa 27. Maana yake 3 imo ndani mara mbili tu.

Hatua ya pili: toa kilicho chepesi

Gawanya kwa 9 kwa njia ya kawaida ya mgawanyo mrefu:

123,456,789 ÷ 9 = 13,717,421

Kama una kile kikokotoo kidogo, kilikuwa kimegoma kuipokea tarakimu ya tisa. Sasa namba ina tarakimu 8 na inaingia. Jumla ya tarakimu zake ni 26, kwa hiyo 3 haimo tena. Kwa 2, 5, 7, 11, 13 na 37 tumekwishapima.

Kilichobaki ni 13,717,421, na fundo lenyewe ndilo hili.

Hatua ya tatu: fundo

Njia ya shule inasema: gawanya kwa namba tasa moja baada ya nyingine, 17, 19, 23, 29, hadi ufike kipeuo cha pili cha namba yenyewe. Ukifika hapo bila kigawo, namba ni tasa. Kanuni ni sahihi kabisa. Namba ikiwa ni zao la vigawo viwili, angalau kimoja hakizidi kipeuo chake.

Tafuta basi kipeuo. 3,700 × 3,700 ni 13,690,000. Imepungua 27,421. Gawanya upungufu huo kwa mara mbili ya 3,700, yaani 7,400, unapata 3.7 hivi. Kipeuo ni karibu 3,703.7.

Ina maana unatakiwa upime namba tasa zote hadi 3,703. Namba tasa ya 500 ni 3,571, kwa hiyo una zaidi ya migawanyo 500 mbele yako. Nakumbuka mara ya kwanza nilianza kwa bidii, nikafika mia na kitu, nikaona mabaki ni mabaki tu, nikajiambia "hii ni tasa" na kufunga daftari. Nilikosea. Namba inayokataa vigawo vidogo bado haijathibitika kuwa tasa. Imethibitika tu kuwa haina vigawo vidogo.

Njia ya pili inahusishwa na Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse nchini Ufaransa ambaye hisabati alikuwa akiifanya kwa mapenzi tu. Mwaka 1643 aliitumia kuivunja namba 2,027,651,281 kuwa 44,021 × 46,061. Msingi wake ni mlinganyo wa kidato cha kwanza au cha pili:

a² − b² = (a − b)(a + b)

Ijaribu kwanza kwa namba ndogo. 91 ni tasa? Ukiitazama kama 100 − 9, yaani 10² − 3², unapata papo hapo 7 × 13. Na 391? Hiyo ni 400 − 9, kwa hiyo 17 × 23. Badala ya kutafuta kigawo, unatafuta mraba ulio juu kidogo ya namba yako ambao ukitoa namba yako, kinachobaki nacho ni mraba.

Fanya hivyo kwa 13,717,421. Anza na namba ya kwanza iliyo juu ya kipeuo, yaani 3,704:

3,704 × 3,704 = 13,719,616
13,719,616 − 13,717,421 = 2,195

Je, 2,195 ni mraba? Mraba unaoishia kwa 5 ni lazima uishie kwa 25. Huu umeishia kwa 95. Hapana. Songa mbele namba moja:

3,705 × 3,705 = 13,727,025
13,727,025 − 13,717,421 = 9,604

Na 9,604 ni 98 × 98. (Ichukue kama 100 − 2: elfu kumi, toa mia nne, ongeza nne.) Imefunguka. Vigawo ni 3,705 − 98 na 3,705 + 98:

13,717,421 = 3,607 × 3,803

Jaribio la pili tu, badala ya migawanyo 500 na ushei: 3,607 ni namba tasa ya 504 katika orodha. Na kwa kweli hata lile jaribio la 3,704 tungeweza kuliruka. Namba yetu inabakiza 1 ikigawanywa kwa 4 (tazama tarakimu mbili za mwisho, 21). Mraba wa shufwa hubakiza 0 kwa 4, na wa witiri hubakiza 1. Ili tofauti ya miraba miwili ibakize 1, ule mkubwa lazima uwe wa witiri. Kwa hiyo 3,704 haikuwa na nafasi tangu mwanzo. Mwenye macho angeanza na 3,705 na kumaliza hapohapo.

Njia hii ina kasi pale vigawo viwili vinapokaribiana, na 3,607 na 3,803 ni majirani kwa kipimo cha namba kubwa. Jambo hili si la daftarini tu. Mfumo wa kufunga siri wa RSA, waliouunda Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman mwaka 1977, unategemea namba tasa mbili kubwa mno: unazizidisha, zao unalitangaza, zenyewe unazificha. Mwaka 2022 mtafiti Hanno Böck alionyesha kwamba funguo za baadhi ya printa zilitengenezwa kwa namba tasa mbili zilizokaribiana kupita kiasi, na njia hii ya Fermat ilizivunja. Namba zilikuwa na tarakimu mamia, na ukubwa wote huo haukuzisaidia.

Hatua ya nne: hakikisha umefika chini

Usifurahi mapema. Je, 3,607 na 3,803 zenyewe ni tasa? Hapa njia ya shule inarudi kwa heshima zake, kwa kuwa kazi sasa ni ndogo. Kipeuo cha 3,607 ni 60 na kidogo, kwa hiyo unapima namba tasa hadi 59. Cha 3,803 ni 61 na kidogo, unapima hadi 61. Hadi 61 kuna namba tasa 18 tu, na kadhaa ulikwisha kuziondoa. Mabaki ya 3,607: kwa 17 ni 3, kwa 19 ni 16, kwa 23 ni 19, kwa 29 na 31 ni 11, kwa 41 ni 40, kwa 43 ni 38, kwa 47 ni 35, kwa 53 ni 3, kwa 59 ni 8. Hakuna sifuri. Ya 3,803 fanya mwenyewe, nayo haina.

Kisha hakiki jibu la kuzidisha 3,607 × 3,803 kwa kutupa tisa. Jumla ya tarakimu za 3,607 ni 16, na 1+6 ni 7. Za 3,803 ni 14, yaani 5. Zidisha 7 × 5 = 35, yaani 8. Tarakimu za 13,717,421 zilitoa 26, yaani 8. Zimeafikiana. Hakiki hii haikamati kila kosa, mfano tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi huipita, lakini inakamata makosa mengi ya mkono uliochoka.

Namba yetu basi ni hii:

123,456,789 = 3² × 3,607 × 3,803

Hatua ya tano: sasa uliza unachotaka

*Ina vigawo vingapi?* Chukua vipeo (mara ambazo kila namba tasa imetokea: 2, 1 na 1), ongeza 1 kwa kila kimoja, zidisha: (2+1)(1+1)(1+1) = 12. Navyo ni 1, 3, 9, 3,607, 3,803, 10,821, 11,409, 32,463, 34,227, 13,717,421, 41,152,263 na 123,456,789. Kumi na viwili tu kwa namba inayozidi milioni mia moja. Linganisha na 60, ambayo nayo ina 12. Ukubwa wa namba hausemi chochote kuhusu wingi wa vigawo vyake.

*Ni kamilifu, pungufu au zidifu?* Mgawanyo huu ni wa kale. Nikomako wa Gerasa, mji ambao leo ni Jerash huko Jordan, aliuandika takriban miaka 1,900 iliyopita. Jumlisha vigawo vyote isipokuwa namba yenyewe. Vikitosha sawasawa ni kamilifu, kama 6 ambayo ni 1+2+3. Vikipelea ni pungufu. Vikizidi ni zidifu. Huna haja ya kujumlisha orodha nzima. Kwa 3² andika 1+3+9 = 13, kwa 3,607 andika 3,608, kwa 3,803 andika 3,804, kisha zidisha:

13 × 3,608 × 3,804 = 178,422,816

Toa namba yenyewe, zinabaki 54,966,027. Hazifiki hata nusu. Ni pungufu, na pungufu sana.

*Ni mraba?* Kila namba tasa ndani ya mraba hutokea mara shufwa. 3,607 imetokea mara moja. Si mraba. Ila ina jirani wa kuchekesha: 11,111 × 11,111 ni 123,454,321, na tofauti yake na namba yetu ni 2,468. Sijui kama kuna la maana hapo zaidi ya tabasamu.

*Ni namba ya kipeo cha tatu?* Inagawanyika kwa 3 lakini si kwa 27. Hapana.

*Ni ya pembetatu?* Yaani, unaweza kupanga vikopo 123,456,789 kwa safu, ya kwanza kimoja, ya pili viwili, ya tatu vitatu, vikaisha bila kubaki wala kupungua? Zidisha namba kwa 8, ongeza 1. Ukipata mraba, ndiyo. Unapata 987,654,313. Mraba hauishii kwa 3 kamwe. Hapana, na hukuhitaji kutafuta kipeuo chochote.

*Imo katika mfuatano wa Fibonacci?* Yaani 1, 1, 2, 3, 5, 8, ambamo kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Wa 40 ni 102,334,155 na wa 41 ni 165,580,141. Imeangukia katikati.

*Ni jumla ya miraba miwili?* Hapa pana mtego mzuri. Namba witiri inayobakiza 3 kwa 4 haiwezi kamwe kuwa jumla ya miraba miwili. Yetu inabakiza 1, kwa hiyo inaonekana kama mgombea halali. Lakini kanuni kamili inataka kila kigawo tasa kinachobakiza 3 kwa 4 kitokee mara shufwa. Tatu imetokea mara mbili, sawa. Ila 3,607 inabakiza 3, na 3,803 inabakiza 3, na kila moja imetokea mara moja. Wawili hao wakizidishwa wanajificha nyuma ya baki la 1. Bila kuvunja namba usingewaona. Jibu ni hapana. Kwa upande wa tofauti ya miraba miwili mlango uko wazi: vigawo 12 vinaunda jozi 6, na kila jozi inatoa njia moja. Iliyo fupi kuliko zote ni 11,115² − 294².

*Namba ngapi zilizo chini yake hazishiriki nayo kigawo chochote isipokuwa 1?* Kwa 9 andika 6 (kati ya 1 hadi 9, sita hazigawanyiki kwa 3), kwa kila tasa kubwa punguza 1, zidisha: 6 × 3,606 × 3,802 = 82,260,072. Hiyo ni theluthi mbili ya namba, kasoro 44,454. Inaeleweka: 3 imeondoa theluthi moja peke yake, na vigawo viwili vikubwa vimedonoa tu.

Hatua ya sita: ongeza tarakimu moja uone

Weka 0 mwishoni, uwe umebonyeza vitufe vyote kumi: 1,234,567,890. Vigawo tasa vipya ni 2 na 5 tu, lakini vigawo vyote vinaruka kutoka 12 hadi 48. Jumla yake inazidishwa kwa 3 na kwa 6 na kuwa 3,211,610,688. Toa namba yenyewe, zinabaki 1,977,042,798, ambazo zinaizidi. Sifuri moja imeigeuza namba pungufu kuwa zidifu.

Si hilo tu. Mwanahisabati wa India D. R. Kaprekar alizipa jina la harshad namba zinazogawanyika kwa jumla ya tarakimu zao wenyewe. Jumla ya zetu ni 45, na 45 inataka 9 na 5 zote mbili. 123,456,789 inaishia kwa 9, haiwezi. Ikipata sifuri, inaweza.

Weka sasa 1 badala ya 0: 1,234,567,891. Hiyo ni tasa kabisa. Kuhakikisha kwa mkono sikushauri, maana kipeuo chake kinapita 35,000. Hapo mpe kompyuta kazi yake.

Hatua ya saba: igeuze

987,654,321. Swali la mtihani: kigawo kikubwa cha shirika, KKS, cha namba hii na ile ya mwanzo ni kipi? Wengi wataanza kuvunja zote mbili. Njia ya Euklide, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, haihitaji hilo: gawanya kubwa kwa ndogo, chukua baki.

987,654,321 = 8 × 123,456,789 + 9

Baki ni 9, na 9 inaigawa ile ndogo bila baki. KKS ni 9. Kazi imekwisha kwa mgawanyo mmoja. Mimi huu ndio mstari ninaoupenda kuliko yote katika karatasi hii: zidisha kwa nane, ongeza tisa, tarakimu zinageuka nyuma mbele.

Kuivunja, toa 9 kwanza: 109,739,369. Makundi yanatoa 369 − 739 + 109 = −261, ambayo haigawanyiki kwa 7, 11 wala 13. Kwa kuwa Fermat ametupa raha, unaweza kumkimbilia tena. Utajuta. Kipeuo ni karibu 10,476, na mraba unaofaa hauji hadi ufike 190,005. Hayo ni majaribio 179,530. Njia ya shule, iliyokuwa ikituchosha kule mwanzo, hapa inashinda katika hatua ya kwanza baada ya 13: jaribu 17, unapata 6,455,257. Jaribu 17 tena, unapata 379,721. Jaribu mara ya tatu, inabaki 9.

987,654,321 = 3² × 17² × 379,721

Kwa namba yoyote usiyoijua, mimi hufuata mpangilio huu: namba tasa hadi 100 kwanza, kisha majaribio 20 hivi ya Fermat, na hapo ndipo narudi kwenye mgawanyo wa moja moja kama sina haraka, au nafungua kompyuta kama ninayo.

Nimeiacha 379,721 kama ilivyo, na ni kwa sababu ni tasa. Usinikubalie hivihivi. Kipeuo chake ni 616 na ushei, namba tasa za kupima ni 112, ya mwisho ni 613. Mimi zilinichukua jioni mbili na chupa moja ya chai.